Mdudu wa Farao na Ukucha wa Kwamboka

Mdudu aliletwa Jumatatu saa nne asubuhi, amelazwa ndani ya kijisanduku chenye kitambaa cha buluu kama mtoto wa sultani. Kwamboka alikuwa juu ya ngazi fupi, brashi mkononi, akifuta vumbi la kabati la vioo la Abu Rashid. Alimtazama mara moja tu kutoka kule juu, na mkono wake ukasimama. Moyo nao ukaanza mwendo ambao haukutulia tena hadi Alhamisi.

Hakuwa mdudu hai. Alikuwa wa jiwe, mkubwa kama nusu ya ndimu, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, mgongo wa mviringo, kichwa chenye meno kama reki, miguu sita imekunjwa ubavuni. Tumboni alikuwa na maandishi ya Misri ya kale: ndege, jicho, kitu mfano wa kikapu. Muuzaji alikuwa mtu wa suti na marashi, aliyefikia katika hoteli moja ya West Bay. Akaeleza kwamba Wamisri wa zamani walimheshimu mdudu huyu anayesukuma donge la mavi, kwa sababu waliona jua nalo linasukumwa hivyo hivyo angani. Walimchonga katika jiwe laini, wakaandika jina tumboni mwake, wakamtumia kama muhuri na kama hirizi.

"Huyu ana miaka elfu tatu na ushei," alisema.

Alisema Kiarabu, lakini Kwamboka alikuwa amekaa miaka sita katika nyumba za Doha, na Kiarabu chake cha jikoni kilitosha kuelewa neno elfu tatu. Alishuka ngazi polepole, akaishika asianguke. Elfu tatu. Yeye alimjua yule mdudu, na alijua miaka yake. Hata kumi na mitano haikuwa imetimia.

Muuzaji alimwacha mdudu pale hadi Alhamisi ili mzee amchunguze kwa nafasi yake. Alhamisi baada ya sala ya alasiri wageni wangekuja kwenye majlisi, ukumbi wa wageni, na mbele yao Abu Rashid angetoa neno: ananunua au hanunui.

Abu Rashid alikuwa mzee mjane wa Umm Salal, mwenye nyumba kubwa na shamba la mitende nyuma yake. Si mtu mbaya. Alimwita Kwamboka "Umm Melissa", kwa jina la bintiye, kwa sababu Kwamboka lilimkwama kooni. Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye lile kabati. Babu yake alikuwa akifanya biashara Basra, akarudi na vitu vya nchi ya mito miwili, Iraki ya kale: mihuri midogo ya mawe yenye umbo la kipande cha penseli, kibao cha udongo kilichojaa maandishi ya vijitone vya kabari, kipande cha tofali, kichwa kimoja cha mtu mwenye macho makubwa ya mshangao. Ukutani alitundika picha za makaburi ya Misri, watu wamechorwa ubavu, miguu yote inaenda upande mmoja, lakini jicho linakutazama wewe. Kwamboka alikuwa amezifuta picha hizo mara nyingi kiasi cha kuzijua. Mkubwa alichorwa mkubwa. Mkewe alimfikia magotini. Wanaolima, wanaooka mikate, wanaobeba mawe, walikuwa wadogo kama siafu, wote sura moja. Hakuhitaji kusoma ili aelewe picha ile. Aliishi ndani yake.

Jumatatu ile, mzee alipoenda kusali adhuhuri, Kwamboka alirudi kwenye kabati. Rafu ya chini, ambako mzee alikuwa amemweka mdudu, ilikuwa ya kioo cha kujitazamia, ili mgeni aone vitu hata upande wa chini. Aliinama. Akaona tumbo la mdudu kwenye kioo, na nyuma ya mguu wa mwisho wa kushoto akaona kile alichojua atakiona: kimwezi kidogo, kimekatika katikati.

Akafuta kioo kile hadi kikalia.

*

Alizaliwa Tabaka, kule Kisii, ambako kilima chenyewe ni jiwe laini la sabuni, na watu hulichimba, hulichonga na kulisafirisha mbali likiwa viboko, sahani na watu waliokumbatiana. Kazi imegawanywa tangu enzi. Mwanamume huchonga kwa panga, patasi na kisu. Mwanamke huketi chini, miguu ameinyoosha, karai la maji mbele yake, akipiga msasa: kwanza ule mkali, kisha wa wastani, mwisho ule laini unaolifanya jiwe ling'ae kama shavu. Kwamboka alianza msasa akiwa na miaka saba. Kaka zake wanne walipelekwa shule. Yeye aliambiwa mikono yake imeshajua kazi, kalamu itaichanganya.

Msasa ulimfuta vidole. Alipotua Doha, afisa wa uwanja wa ndege alimbonyeza vidole kwenye mashine mara tano, na mashine haikuona kitu. Akamwita mwenzake. Wakamtazama kama mtu aliyekuja bila uso.

Lakini ukucha alikuwa nao. Akiwa na miaka tisa patasi ya babake iliteleza ikampasua kidole gumba cha kulia, na tangu hapo ukucha ule huota vipande viwili vyenye ufa katikati. Tena huko Tabaka ukucha una kazi. Wanawake sita hupigia msasa katika karai moja, na mawe huogelea pamoja kama viazi. Kwa hiyo kila mwanamke, kabla ya kutia jiwe lake majini, hulitia ukucha upande wa chini, lisije likachanganyika na la mwenzake. Kabla ya kupaka nta, alama hiyo hufutwa. Ndiyo desturi. Jiwe huondoka Tabaka likiwa na jina la mchongaji, na mpiga msasa hubaki na maji machafu.

Mumewe aliitwa Mokaya. Siku moja mfanyabiashara kutoka Nairobi alimletea Mokaya picha ya mdudu wa Kimisri, akamtaka amchonge kwa ajili ya maduka ya watalii. Mokaya alijaribu mara tatu. Wa kwanza alifanana na kobe. Wa pili alifanana na mkate. Wa tatu alimtupa kwenye migomba akaenda kunywa. Kwamboka alimjua mdudu yule. Utotoni alikuwa akichuchumaa zizini saa nzima akimtazama, kichwa chini, miguu ya nyuma juu, anasukuma donge lake akirudi kinyumenyume kama mtu anayetoka mbele ya chifu. Akachukua kisu. Jua lilipoanza kushuka mdudu alikuwa amekamilika. Maandishi ya tumboni aliyafuata kwenye picha, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Kwake maandishi yote yalikuwa sawa, ya Kiingereza na ya Farao. Hakujua kuandika jina lake mwenyewe, lakini la Farao aliliandika.

Mokaya aliporudi alimgeuza yule mdudu mkononi, akasema neno moja: "Nimempata."

Miaka minne Kwamboka alichonga wadudu ndani, mlango umefungwa, kwa sababu mwanamke mwenye patasi angemfanya mumewe achekwe. Mokaya aliketi barazani na vumbi la jiwe kwenye suruali, vumbi alilojipaka mwenyewe asubuhi. Na tangu yule wa kwanza, Kwamboka hakufuta alama ya ukucha. Hakumwambia mtu. Alipaka nta juu yake, basi.

Wadudu wakajenga nyumba ya mabati mapya. Nyumba ilipokwisha, Mokaya akamleta Loice, msichana wa miaka ishirini, akamwambia Kwamboka jiko lake ni lile la zamani. Alipolalamika, waliitwa wazee. Mokaya alisimama mbele yao akasema, "Huyu alikuwa anaosha mawe tu." Kwamboka akasema yeye ndiye aliyechonga. Wazee wakaulizana nani aliwahi kumwona na patasi. Hakuna. Melissa alikuwa na miaka kumi na miwili, ameketi upande wa baba yake, na alipoulizwa alitazama chini akasema alimwona mama na karai.

Mtoto hakudanganya. Alisema alichokiona. Lakini kuna maneno ya kweli yanayokata kuliko uongo, na miaka minne baadaye Kwamboka aliondoka na lile moja hadi Doha. Miaka yote sita alimsomesha Melissa, sekondari kisha uuguzi, kwa kufua, kupika na kufuta vumbi, na kila walipozungumza kwa simu, binti alisema "Baba mchongaji" kama watu wanavyosema "Baba mchungaji".

*

Jumanne alikuja Doktora Sahar. Alikuwa mwanamke wa Mosul, huko Iraki, nywele zimemjaa mvi, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kifuani. Abu Rashid alimpa kazi ya kuorodhesha vitu vya babu yake, na alipenda kufanya kazi huku akiongea, hata kama msikilizaji ana ufagio. Alichukua muhuri mmoja mdogo, akauviringisha juu ya udongo laini wa mezani, na pale palipokuwa patupu wakatokea watu, safu nzima, wamebeba mbuzi wakimwendea mfalme aliyeketi. Kwamboka hakutazama sana. Macho yake yalikuwa yakirudi kwa mdudu kwenye rafu ya chini.

"Umm Melissa, leo huna raha," alisema Doktora. "Njoo uone tofali hili. Hapa pamegongwa jina la mfalme kabla tofali halijakauka. Mnara mzima ulijengwa hivyo, ngazi juu ya ngazi, maelfu ya matofali, kila moja na jina lake."

"Na hizi?" Kwamboka alionyesha vishimo vinne kando ya jina.

"Mbwa. Alipita juu ya tofali likiwa bichi."

"Na aliyelifinyanga?"

"Huyo hatumjui."

"Mbwa tunamjua."

Doktora alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaweka tofali chini, akachukua kile kibao cha udongo. Alisema ni mkataba wa watu wa kawaida, wa miaka karibu elfu nne, mtu anamwachia jirani yake nyumba. Akageuza ukingo. Pale, chini ya vijitone vya maandishi, palikuwa na vimwezi vinne vimejipanga.

Kwamboka aliuliza ni nini, ingawa mwili wake ulikuwa umeshajua.

"Ukucha. Mwenye mali alikuwa na muhuri wake wa jiwe. Asiye na muhuri alibonyeza ukucha kwenye udongo, wengine walibonyeza upindo wa nguo. Na mwandishi akaandika kando, tazama hapa: ukucha wake badala ya muhuri wake."

"Na walikubali? Mbele ya wazee?"

"Mbele ya waamuzi. Ukucha ulikuwa neno la mtu."

Brashi ilimponyoka. Aliiokota, akatoka, akaingia jikoni, akasahau alichofuata, akarudi, akatoka tena.

Jumatano aliunguza wali. Githinji dereva aliletewa sahani yake kwenye meza ya jikoni akaitazama kwa heshima. Alikuwa mtu wa Nyeri, rika lake, upara umeshafika katikati ya kichwa, na kila siku walitaniana kama mashemeji.

"Mama Melissa, leo wali una rangi ya lami."

"Kula, Baba Shaun. Kwani kwenu Nyeri mlikuwa mnakula nini?"

"Viazi. Lakini havikuwa makaa. Nini kinakusumbua? Jana umedeki ukumbi mara tatu. Nilidhani kuna maiti."

Akamwambia. Alimwambia yote, amesimama, kwa sababu kukaa kulimshinda. Githinji alisikiliza akisahau kutafuna.

"Kwa hivyo Farao ni wewe," alisema mwishoni.

"Sicheki."

"Hata mimi sicheki, nashangaa kwa njia ya Kikikuyu. Sikia, mama. Ukisema, ni mambo mawili. Wasipokuamini, wewe ni mwongo uliyetaka mali ya watu. Wakikuamini, mzee ameaibika mbele ya wageni wake. Zote mbili mwisho wake ni ndege ya kurudi. Melissa amebakisha nini?"

"Mwaka na nusu."

"Basi nyamaza. Jiwe halina mdomo."

"Nikinyamaza litakuwa la Farao milele. Mokaya atakuwa amenishinda hata huku."

"Mokaya hajui hata kama Doha kuna jiwe lake."

"Ona. Hata wewe umesema lake."

Githinji akaweka kijiko chini. "Nimekosa," alisema. "Lakini bado nyamaza."

Si kwamba Kwamboka alitaka kumwokoa Abu Rashid. Tajiri akinunua jiwe la uongo, jua litachomoza vilevile. Kilichomla ni kingine. Tangu Jumatatu alikuwa ameona watu wakimwinamia yule mdudu. Abu Rashid alimshika kwa leso. Rafiki yake mmoja alikuja, akatoa kioo cha kukuzia, akasema mikono iliyochonga kichwa cha mdudu yule ilikuwa ya bwana wa mabwana. Kwamboka alikuwa nyuma yao na birika. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuisifu mikono yake, na sasa ilisifiwa mbele yake, na sifa zikampita kichwani zikaenda kwa mfu.

Alasiri hiyo alijaribu. Alienda hadi mlangoni mwa chumba cha mzee, akabisha, akasema, "Baba, kuna neno kuhusu yule mdudu." Abu Rashid alikuwa kwenye simu. Alimpungia mkono, "Baadaye, Umm Melissa, baadaye." Akangoja kwenye korido. Baadaye haikuja. Jioni Melissa alituma ujumbe wa sauti: darasani waliulizwa kila mtu aeleze kuhusu familia yake, naye alieleza habari za Baba na wadudu wake, wenzake wakapiga makofi. "Nikawaambia Mama yuko Doha, anafanya usafi."

Kwamboka aliusikiliza mara mbili. Kisha akatoka nje akafagia ua ambao ulikuwa umefagiliwa.

*

Alhamisi wageni walikuwa watano, pamoja na Doktora Sahar na muuzaji. Harufu ya udi ilijaa majlisi. Kwamboka alipitisha kahawa na tende. Muuzaji alitoa karatasi yenye muhuri mwekundu inayosema mdudu alitoka katika hazina ya familia fulani ya zamani. Doktora alimgeuza mdudu chini ya taa.

"Maandishi yamenyooka," alisema. "Lakini mimi ni mtu wa mito miwili. Misri si yangu. Siwezi kuapa."

"Huhitaji kuapa," alisema muuzaji. "Jiwe lenyewe linasema."

Abu Rashid alivuta pumzi, akaweka mkono kifuani kama mtu anayetaka kutoa neno. Kwamboka alijua neno likishatoka, halirudi.

"Baba," alisema, "jiwe hilo ni langu."

Watu waligeuka. Uso wa mzee ulibadilika, na Kwamboka akaona wazo lililopita ndani yake: mtumishi ameiba, au mtumishi ameibiwa. Akaharakisha.

"Sisemi nipewe. Nasema nililichonga mimi. Kwetu Kenya, Tabaka. Jiwe hili tunalichimba nyuma ya nyumba. Rangi hii si yake, limechemshwa na majani ya chai na kusuguliwa majivu. Lilikuwa jeupe kama maziwa."

Mgeni mmoja alicheka kwa pua. Muuzaji alitabasamu kwa upole, upole ule wa kumwonea mtu huruma mbele za watu.

"Anajua kusoma?" alimwuliza Abu Rashid.

"Hajui."

"Hajui kusoma, na ameandika Kimisri cha kale. Maashallah."

"Nilifuata picha," alisema Kwamboka. "Na nyuma ya mguu wa mwisho wa kushoto nimetia ukucha wangu. Mgeuzeni."

Doktora alimgeuza, akavaa miwani ya pili, akatazama muda mrefu. "Ipo alama," alisema.

"Bila shaka ipo," alisema muuzaji. "Siku tatu amekuwa akifuta vumbi hapa. Ameiona. Mkwaruzo wowote mtu anaweza kuuita wake."

Hapo ndipo Kwamboka alipotambua kwamba amerudi kwa wazee wa Tabaka. Nani aliwahi kumwona na patasi? Hakuna. Akaweka sinia chini. Akamtazama Doktora, si Abu Rashid.

"Ule udongo wako upo?"

Doktora hakuuliza wa nini. Alifungua mkoba wake, akatoa donge la udongo anaoviringishia mihuri, akalisawazisha kwa kiganja juu ya meza ya shaba, akalisogeza mbele.

"Bonyeza," alisema.

Kwamboka alipiga magoti kando ya meza. Akaweka kidole gumba cha kulia, akabonyeza ukucha, akaondoa. Kimwezi kidogo, kimekatika katikati, kipande cha kushoto kimepanda juu kidogo kuliko cha kulia. Doktora alimweka mdudu kando ya udongo, tumbo juu, akasukuma taa karibu. Wageni waliinama, vichwa vikagusana. Kimwezi na kimwezi. Ufa na ufa.

Mgeni aliyecheka kwa pua alikuwa wa kwanza kuketi chini.

"Nimedanganywa mimi pia," alisema muuzaji. Sauti yake ilikuwa imepungua marashi. Alikunja karatasi ya muhuri mwekundu mara mbili, mara tatu, akafunga kijisanduku cha buluu. Mdudu hakumrudisha ndani. Alimsukuma kwa kidole hadi akaangukia kwenye sinia, kati ya kokwa za tende. "Mpeni mwenyewe," alisema, akatafuta viatu vyake.

Wageni waliondoka mmoja mmoja na maneno mafupi ya adabu. Abu Rashid aliwasindikiza hadi mlangoni. Aliporudi, hakumtazama Kwamboka.

"Ungeniambia peke yangu."

"Nilikuja jana, Baba. Ulisema baadaye."

Mzee alitazama kabati lake, mihuri, tofali, kichwa cha macho makubwa, kana kwamba sasa kila kimoja kinaweza kumsaliti. "Tutaongea kesho," alisema. "Leo usiingie tena humu." Akaenda chumbani kwake, na kanzu yake ikasikika ikipita koridoni kwa muda mrefu.

Kwamboka alibeba sinia jikoni. Githinji alikuwa ameshajua. Madereva wa wageni walikuwa wamemsimulia kabla kahawa haijapoa. Alisimama juu ya sinia, akamchokonoa mdudu kwa uma.

"Jumatatu alilala kwenye mahameli," alisema. "Sasa analala na kokwa. Amekosa nini?"

"Amejulikana mama yake."

Githinji alichukua sufuria akaanza kuisugua, ingawa haikuwa kazi yake.

Doktora aliingia akiwa na mkoba begani. Alikuwa ameshika lile donge la udongo, na kando ya alama ya ukucha alikuwa amechora vijitone kwa kijiti, safu mbili.

"Nitalikausha," alisema. "Nataka kubaki nalo, ukiniruhusu."

"Umeandika nini hapo?"

"Ukucha wa Kwamboka, badala ya muhuri wake."

Lilikuwa jina lake, na mtu wa Mosul alilitamka bila kukwama. Kwamboka alivitazama vile vijitone, kama nyayo za kuku kwenye tope. Hakuwa na njia ya kujua. Pengine liliandikwa jina la Doktora, pengine la mfalme. Ilibidi aamini tu, na kuamini ndiko kulikomponza maisha yake yote.

"Chukua," alisema.

Walipoondoka wote alimwosha mdudu chini ya bomba, akimsugua kwa kidole. Rangi ya chai haikutoka. Imeingia ndani, kama ya ngozi yake. Alimfuta kwa upindo wa gauni, akamlaza mezani tumbo juu, akaweka kidole gumba kando yake, ukucha ukielekea alama, akapiga picha kwa simu. Picha ya kwanza ilitikisika. Ya pili pia. Ya tatu alishikilia mkono kwa mkono mwingine, akaituma kwa Melissa bila neno.

Akazunguka meza. Akafungua friji, akaifunga. Kesho ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala ya Ijumaa angejua kama bado ana kazi au ana tiketi. Mwaka na nusu wa masomo ulikuwa umelala pale mezani kando ya mdudu. Alitafuta ndani yake majuto, akakuta uchovu, hasira, na kitu kingine ambacho hakukipatia jina.

Simu ilitoa mlio wa ujumbe. Sauti ya Melissa ilikuwa ya haraka, kuna wasichana wanacheka nyuma yake. "Mama, jamani, si huyu ni mdudu wa Baba? Umempata wapi huko?"

Kwamboka alisikiliza hadi mwisho. Alibonyeza kitufe cha kuzungumza, akakiachia. Akabonyeza tena. Alikuwa na maneno ya miaka kumi, ya wazee, ya karai, ya mlango uliofungwa, na yote yalitaka kutoka kwa pamoja.

"Usimtazame mdudu, Melissa," alisema. "Tazama kidole."

Akaituma. Akasimama katikati ya jikoni na simu mkononi, akingoja.